Ganda Lipi Liende Rundoni

Kila kilichowahi kuwa hai huoza, kwa hiyo anayeuliza kama kitu fulani kinaoza atajibiwa ndiyo kila siku. Mjuzi huuliza mawili: kitaoza vipi, na nani atakitamani kabla hakijaoza? Uani bakteria hawako peke yao. Kuna panya, paka, nzi, sisimizi na kuku wa jirani, na wote wanaijua ndoo yako ya maganda. Rundo zuri la mboji hujengwa kwa vitu ambavyo bakteria na kuvu watavimaliza kabla mwingine hajavinusa.

Pima maji, mafuta na ugumu

Shika ganda mkononi. La tikiti ukilibana hutoa maji. Litalainika upesi, lakini maganda ya namna hiyo yakijaa rundoni hufukuza hewa, na pasipo hewa hufuata uvundo wa yai viza. Mafuta huvigandia vitu vingine, huzuia hewa, kisha huchacha na kuwaita panya. Ugumu ni suala la muda: jani la mchicha humalizika mapema, kifuu cha nazi hukaa miaka. Chagua kwanza chenye maji ya kiasi, kisicho na mafuta, kinachokatika kwa kisu bila ubishi.

Yanayoingia bila mjadala

Kwa kipimo hicho, yanayotangulia ni mabua ya sukuma wiki, mizizi ya mchicha, maganda ya viazi, karoti na njegere, pamoja na majani ya chai yaliyochujwa. Vifuko vya chai vipasue kwanza: vingi vina nyuzi za plastiki zisizooza. Mashapo ya kahawa ni hazina. Yana takriban sehemu 20 za kaboni kwa 1 ya nitrojeni, tena ni laini kiasi kwamba hayahitaji kukatwa.

Ganda la ndizi lina ushahidi wa vizazi. Huko Bukoba, Wahaya hurudisha maganda, nyasi na samadi kwenye kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, na ndivyo migomba ilivyoendelea kuzaa kwenye udongo ambao mvua nyingi huusafisha rutuba. Ganda hilo lina potasiamu kwa wingi. Likate vipande na ulifunike, maana la ndizi mbivu likiachwa juu huleta nzi wadogo siku hiyohiyo.

Mabaki mengi yanayofaa mifugo yapite kwa mifugo kwanza, yarudi yakiwa samadi. Ganda la muhogo ndilo linalovunja desturi hiyo. Likiwa bichi, hasa la muhogo mchungu, hutoa sianidi inayoweza kumdhuru mnyama, ilhali ndani ya rundo sumu hiyo huvunjikavunjika na kwisha. Mbuzi mpe la kiazi kitamu. La muhogo mbichi lipeleke mbojini.

Yanayotaka mkono wenye kiasi

Machicha ya nazi huwadanganya wengi kwa weupe na ulaini wake. Hata baada ya tui la pili mafuta hubaki, na yakimwagwa kwa bonge hugandamana na kuchacha. Kuku huyagombania, basi wape. Usipofuga, yatawanye kwa utando mwembamba na uyachanganye na majani makavu.

Ganda la yai karibu lote ni kalsiamu kaboneti. Likitupwa zima utalikuta zima. Lianike, ulitwange kwenye kinu, ndipo uliingize. Maganda ya ndimu na machungwa hayana ubaya yakikatwa na yasipotawala ndoo. Ni ya kuoza polepole tu.

Jivu la kuni au mkaa linyunyize kidogo. Likiwa jingi juu ya mabaki mabichi hupandisha ualikali, na nitrojeni hupotea kama amonia, ile harufu inayochoma pua. La jiko lililowashwa kwa mfuko wa plastiki usilitumie kabisa.

Mbegu za nyanya na papai zinataka uamuzi. Rundo la kama mita moja kila upande, lililojengwa kwa mara moja, huweza kufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi katikati na kuziua nyingi. Rundo la nyumbani linalolishwa kidogokidogo mara nyingi halifiki huko, na miche itaota kila utakapotandaza mboji. Kama rundo lako halifukuti, mbegu hizo ziweke kando.

Yanayokataliwa

Nyama, mifupa, maziwa, mchuzi na makombo ya pilau yabaki nje. Hivi vyote huoza vizuri, lakini panya hufika mapema kuliko bakteria. Wali na ugali hugandamana na kuchachuka, tena chakula chenye chumvi nyingi huwadhuru nyungunyungu na udongo. Utumbo wa samaki una rutuba kubwa. Uchimbie nusu mita chini, karibu na mgomba au mnazi, mbali na rundo. Kwenye matunda ya dukani, bandua vile vibandiko vidogo: ni plastiki, navyo vitadumu kuliko bustani.

Mwenzake mkavu

Hata ndoo iliyochaguliwa kwa makini itanuka ikimwagwa peke yake. Bakteria hufanya kazi vizuri pakiwa na sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa 1 ya nitrojeni, na mabaki ya mboga kwa kawaida yana kaboni pungufu ya hapo. Kaboni iongeze kwa majani makavu, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, makapi ya miwa yaliyokauka au karatasi ngumu isiyo na rangi. Kwa kila ndoo ya mabichi weka ndoo mbili au tatu za makavu, kisha funika. Maranda ya fundi seremala yana kaboni nyingi mno, kwa hiyo ni konzi tu, tena ya mbao zisizotiwa dawa. Kwa unyevu, kamata tonge kutoka katikati na ulikamue: matone machache yanatosha. Yakichuruzika, ongeza makavu na ugeuze. Tonge likimomonyoka, nyunyiza maji.

Chekecheke litoe hukumu

Mboji iliyoiva ni nyeusi au ya kahawia iliyokolea, imepoa, na inanuka udongo. Ukiwa na shaka, ilowanishe kiasi, ifunge kwenye mfuko siku tatu, kisha ufungue na kunusa. Ikitoa uvundo au amonia, irudi ikaive.

Ikiiva, ichekeche, na usiharakishe kutupa kilichobaki juu ya wavu. Makumbi, magunzi na kokwa za embe vitarudi kuanzisha rundo jipya. Ganda la yai lililo zima linadai kinu. Kibandiko au kifuko cha chai kinaonyesha pale mkono wako ulipopitiwa wakati wa kuchagua, na ndipo pa kuanzia utakapoijaza ndoo ijayo.