Picha Laini, Tarakimu Zisizosomeka: Uhakiki wa Programu za Kukuza Picha katika Kuigiza Urubani

Waswahili husema, ukiona vyaelea vimeundwa. Methali hii ilihusu vyombo vya baharini, lakini leo inafaa hata kwa ndege zinazoruka ndani ya kompyuta. Mtu anapovaa miwani ya uhalisia pepe na kujiona ameketi katika chumba cha rubani juu ya Ziwa Viktoria, kila anachokiona kimeundwa: maji, mawingu, mabawa na geji zilizo mbele yake. Siku hizi kuna jambo jingine zaidi. Mara nyingi programu ya urubani huchora picha ndogo tu, na programu nyingine huikuza ijaze skrini, ikikisia kile ambacho hakikuchorwa. Katika insha hii ninazihakiki programu hizo za kukuza picha. Hoja yangu ni kwamba zina msaada wa kweli, ila tunazipima vibaya. Tunahesabu fremu kwa sekunde tukisahau kuuliza kama rubani bado anaweza kusoma geji zake.

Huenda msomaji akashangaa kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anaingilia mambo ya wahandisi. Sababu zangu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba ninaishi bwenini na mwenzangu anayesomea uhandisi, ambaye ndoto yake ni kuingia chuo cha urubani cha Soroti, hapa Uganda. Saa moja ya kurusha ndege halisi ina gharama ambayo mzazi wa kawaida haiwezi, kwa hiyo yeye hujizoeza kwa kompyuta ya mtumba na miwani ya kuazima. Kompyuta ya namna hiyo haiwezi kuendesha kiigizi cha urubani bila kusaidiwa. Sababu ya pili ni kwamba dosari mojawapo ya programu hizi imo katika majina yake, na majina ni kazi yetu sisi wanafunzi wa lugha.

Tuanze na tatizo lenyewe. Microsoft Flight Simulator, iliyoundwa na Asobo Studio ya Bordeaux nchini Ufaransa, ilitolewa Agosti 2020 na kuongezewa uwezo wa uhalisia pepe Desemba mwaka huohuo. Mwaka huo pia iliingia sokoni miwani ya HP Reverb G2, ambayo ina skrini mbili, moja kwa kila jicho, kila moja ikiwa na pikseli 2,160 kwa 2,160. Ukizidisha na kujumlisha, unapata pikseli 9,331,200. Skrini hizo hubadilisha picha mara 90 kwa sekunde, kwa hiyo kompyuta ina kama milisekunde 11 tu za kuchora picha mbili, ya jicho la kulia na ya jicho la kushoto. Kwa kawaida hulazimika kuchora pikseli nyingi kuliko hizo, kwa sababu lenzi hupinda picha na programu huipinda kinyume kabla ya kuionyesha. Kompyuta ikichelewa, dunia hutikisika kila mtu anapogeuza shingo. Mwili nao hujibu kwa kizunguzungu na kichefuchefu.

Ukuzaji wa picha unaingia hapo. Ukiiambia kompyuta ichore pikseli 1,440 kwa 1,440 kwa kila jicho, jumla inakuwa 4,147,200, yaani pungufu ya nusu ya zile za mwanzo. Kadi ya grafiki inapumua, na kazi iliyobaki inafanywa na programu ya kukuza.

Programu hizi ni za makundi mawili. Kundi la kwanza hutazama picha moja tu. FSR ya kampuni ya AMD, iliyotolewa Juni 2021, ilianza hivyo: hutafuta kingo za vitu ndani ya picha ndogo, huikuza picha kwa kufuata kingo hizo, kisha huzinoa ili zionekane kali. Kundi la pili lina kumbukumbu. DLSS ya NVIDIA kuanzia toleo lake la pili la mwaka 2020, pamoja na toleo la pili la FSR la mwaka 2022, hukusanya habari kutoka fremu zilizopita, hufuata mwendo wa vitu katika picha, na kujazia kile ambacho fremu ya sasa haina. DLSS huongeza hapo akili mnemba iliyofunzwa kwa picha nyingi.

Haki itendeke: faida ni kubwa. DLSS inadai kadi za RTX za NVIDIA yenyewe, lakini AMD iliweka wazi msimbo wa FSR, nayo hufanya kazi hata kwenye kadi za kampuni nyingine, zikiwemo za zamani kidogo. Programu huria kama OpenXR Toolkit zilimwezesha mtumiaji kuweka ukuzaji wa aina hii hata katika viigizi ambavyo waundaji wake hawakuuweka. Kwa kijana mwenye kadi ya mtumba, hiyo ndiyo tofauti ya kuruka na kutoruka. Mimi mwenyewe niliivaa miwani ile bila ukuzaji nikaivua baada ya dakika chache, tumbo likinisokota. Ukuzaji ulipowashwa niliweza kuzunguka uwanja mzima wa Entebbe na kutazama visiwa upande wa kusini bila shida yoyote.

Sasa dosari. Ya kwanza ni ya lugha. FSR ya mwanzo ina ngazi nne: Ultra Quality, Quality, Balanced na Performance. Tukizifasiri tunapata Ubora wa Kupindukia, Ubora, Uwiano na Utendaji. Tazama hesabu iliyo nyuma ya majina hayo. Katika Ubora wa Kupindukia kila upande wa picha hukuzwa mara 1.3, maana yake kompyuta imechora kama pikseli 59 kwa kila 100 zinazoonyeshwa. Katika Ubora ni kama 44. Katika Uwiano ni kama 35, na katika Utendaji ni 25. Kwa hiyo mtu anayechagua kitu kinachoitwa Ubora amechagua kupunguza zaidi ya nusu ya picha yake. Majina haya yanalinganisha ngazi zenyewe kwa zenyewe. Hakuna hata moja linalolinganisha picha iliyokuzwa na picha kamili. Nasi tumeliendeleza tatizo hilo kwa Kiswahili tunapoziita programu za kuboresha picha. Kuboresha ni kufanya kitu kiwe bora. Picha hii imefanywa iwe kubwa, na neno letu la kukuza linatosha.

Dosari ya pili ni ya tarakimu, na kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Uwanja wa Entebbe uko futi 3,782 juu ya usawa wa bahari. Rubani anayekuja kutua katika njia ya 35 hutokea upande wa ziwa. Altimita ikimwonyesha futi 4,800, yuko kama futi 1,000 juu ya uwanja. Ikimwonyesha 4,300, yuko kama 500 tu. Tofauti yote imo katika tarakimu moja, 8 au 3, na katika picha tofauti ya 8 na 3 ni vipande viwili vifupi vya mstari upande wa kushoto. Tarakimu ikichorwa kwa pikseli chache, vipande hivyo huwa na upana wa pikseli moja au chini ya hapo. Programu ya kukuza hupokea alama hiyo hafifu, huamua ukingo uko wapi, kisha huunoa.

Kunoa huko ndiko kunakonitia wasiwasi. Tarakimu yenye ukungu humfanya rubani asite na kutazama tena. Tarakimu iliyokisiwa kisha ikanolewa inaonekana safi, naye anaiamini. Tulijiwekea jaribio dogo: mmoja anavaa miwani, mwingine anamwita asome kimo, mwelekeo na masafa ya redio bila kusogeza kichwa mbele. Katika ngazi ya chini kabisa mandhari ilikuwa ya kupendeza na mwendo laini kama hariri, lakini mvaaji alilazimika kuinama hadi karibu na dashibodi kila alipoulizwa. Rubani anayeinama hivyo wakati wa kutua hatazami nje.

Dosari ya tatu ni ya kundi lenye kumbukumbu. Programu hizo hutegemea kuambiwa kitu gani kimesogea na kimeelekea wapi. Tarakimu kwenye skrini ya dashibodi hubadilika bila skrini yenyewe kusogea, kwa hiyo programu inaweza kuambiwa kwamba hapo hakuna kilichotembea. Matokeo yake ni kuchanganya tarakimu ya zamani na mpya, na namba inayobadilika haraka huacha kivuli nyuma yake. Ndege nyingine iliyo mbali nayo ni nukta ya pikseli moja au mbili, inayoweza kufifia au kuvuta mkia. Ajabu ni kwamba milima na majengo, vitu vikubwa vinavyosogea kwa utaratibu, hutoka vizuri sana. Programu inafaulu zaidi pale ambapo rubani ana haja ndogo zaidi.

Dosari ya nne si ya programu, ni ya matumizi. Ukuzaji hupunguza mzigo wa kadi ya grafiki peke yake. Viigizi vya urubani vina kazi nyingi za prosesa pia: hesabu za hewa kwenye mabawa, mifumo ya ndege, ndege nyingine angani na magari uwanjani. Kama prosesa ndiyo inayochelewesha fremu, kukuza picha hakutaongeza hata fremu moja. Kutakupa picha mbovu zaidi kwa kasi ileile. Kujua ni rahisi. Punguza sana idadi ya pikseli, kisha tazama hesabu ya fremu. Isipopanda, tatizo liko kwenye prosesa, na dawa yake ni kupunguza magari, ndege za jirani na umbali wa mandhari.

Mwenzangu hakubaliani nami kwa yote. Husema, "Ndugu yangu, wewe unahakiki chakula na mimi nina njaa. Bora tarakimu yenye ukungu kuliko kutapika." Hoja hiyo ina uzito. Mtu anayetapika hajifunzi chochote, na kwa kompyuta yake uamuzi haukuwa kati ya picha kamili na picha iliyokuzwa. Ulikuwa kati ya picha iliyokuzwa na kukaa bila kuruka. Wala kiigizi cha nyumbani hakimpi mtu leseni. Jibu langu ni kwamba kinampa mazoea. Jicho lililozoea kupitia tarakimu juujuu, kwa sababu nusu ya wakati hazisomeki, litaingia na mazoea hayo katika ndege ya shule.

Kati ya msimamo wake na wangu kuna njia, na tuliipata kwa kubishana. Kwanza, tupunguze vitu visivyosomwa kabla ya kupunguza vinavyosomwa: mawingu, vivuli, miti na majengo ya mbali. Pili, tukuze kwa kiasi kidogo kinachotosha kuondoa mtikisiko, tukianzia ngazi ya juu kushuka chini, badala ya kurukia ile inayoahidi fremu nyingi. Tatu, tupunguze kunoa hadi tarakimu ionekane jinsi ilivyo, hata kama ni hafifu. Nne, tuchague ndege yenye geji za mishale. Mshale hausomwi kwa pikseli moja. Husomwa kwa pembe yake, na pembe hubaki hata picha ikififia. Katika jaribio letu, ndege ya mishale iliyokuzwa sana ilisomeka vizuri kuliko ndege ya skrini za tarakimu iliyokuzwa kidogo. Mwenzangu, aliyekuwa akizidharau geji za mishale akiziita za kizee, sasa hujizoeza nazo.

Uamuzi wangu basi ni huu. Programu za kukuza picha zimewafungulia mlango wa uhalisia pepe watu ambao vifaa vyao visingewaruhusu, na kwa hilo zinastahili sifa. Lakini sifa hiyo isitolewe kwa kutazama hesabu ya fremu kwenye kona ya skrini, wala kwa kutazama jua likizama ziwani. Anayezijaribu akae kwenye kiti, asimamishe shingo, asome kimo, mwelekeo na masafa ya redio, kisha atafute namba 35 mwanzoni mwa njia kabla hajaifikia. Akivisoma vyote, mpangilio wake unafaa. Asipovisoma, apande ngazi moja na kuondoa mawingu kidogo, ajaribu tena.