Koo Lisubiri: Uhakiki wa Maelezo ya Ladha ya Wiski

Anayeonja wiski kwa mara ya kwanza huanza na koo. Anameza, koo linawaka, anakunja uso, na hukumu imeshatoka. Moto anaousikia ni wa kweli: alkoholi huamsha vipokezi vilevile vya neva vinavyohisi pilipili, na wiski ya Uskoti kisheria haiwekwi kwenye chupa ikiwa chini ya asilimia 40. Lakini yapo maandishi mafupi, mafupi kuliko hata shairi la beti mbili, yaliyoundwa kuichelewesha hukumu hiyo. Wanywaji huyasoma kutafuta cha kununua. Mimi nataka tuyasome kama maandishi.

Umbo lake linalojulikana zaidi tunalikuta kwa Michael Jackson, mwandishi wa habari wa Kiingereza (si yule mwimbaji), aliyetoa kitabu cha Malt Whisky Companion mwaka 1989. Kila wiski aliipitisha kwenye vichwa vilevile: rangi, harufu, mwili, ladha, tamati. Chini kabisa, alama kati ya 100. Tutunge maelezo yetu kwa mtindo huo, ya wiski ya kisiwa cha Islay, ambako kimea cha shayiri mara nyingi hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi:

Rangi: dhahabu iliyokolea. Harufu: moshi, mwani, dawa ya kidonda, karafuu kwa mbali. Mwili: wa mafuta. Ladha: utamu wa kimea, halafu chumvi, halafu moshi unarudi. Tamati: ndefu, kavu, majivu.

Koo limepewa zamu ya mwisho. Kabla yake wamepita jicho, pua na ulimi, kila mmoja na nafasi yake. Anayenusa kwa utulivu kabla ya kumeza anaufikia ule moto akiwa na mambo mengine matatu ya kufikiria, na hivyo ndivyo ladha ya wiski inavyozoeleka: moto haupungui, unapata majirani. Tazama pia kwamba nafsi ya kwanza haipo na kitenzi kikuu kimejitokeza mara moja tu, pale moshi "unarudi". Ni katika mstari huo pia ambapo neno "halafu" limekuja mara mbili. Mistari mingine inaorodhesha, huu unasimulia. Ukitaka kumjua mwandishi hodari wa maelezo haya, mpime hapo. Mvivu ataandika utamu, chumvi, moshi, kana kwamba vyote viliingia mdomoni kwa mkupuo mmoja.

Mstari wa kwanza ndio wa kutilia shaka. Wiski hutoka mtamboni bila rangi. Rangi ya haki huipata ndani ya pipa la mwaloni, ambamo lazima ikae miaka isiyopungua 3. Ila kanuni za mwaka 2009 zinazosimamia wiski ya Uskoti zinaruhusu kuongezwa maji na rangi ya karameli. Kwa hiyo dhahabu yetu iliyokolea huenda ni umri, huenda ni karameli, na umbo zima linafunguliwa na shahidi ambaye hatuwezi kumwamini.

Utajiri uko kwenye mstari wa harufu. Majina manne yamepangwa safu moja, yametenganishwa kwa mkato tu, bila "kama" hata moja. Moshi si sitiari. Kimea kilifukizwa kweli. Dawa ya kidonda inakaribia ukweli, maana moshi huo umebeba fenoli, na dawa nyingi za kuua vijidudu ni za ukoo huohuo. Karafuu nayo ni halisi kuliko inavyodhaniwa: eujenoli, kemikali inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake, imo pia katika mbao za mwaloni. Mwani peke yake ndio sitiari, kwa kuwa hakuna aliyeutia mtamboni. Msomaji haambiwi lipi ni lipi, na hapo maelezo haya yanapata nguvu yanayoikopa kwa ushairi huku yakijifanya ripoti ya maabara.

Huo mwani una mambo. Msomaji wa London labda anaukumbuka kutoka likizo za utotoni. Mwanamke wa Paje au Jambiani anayeufunga kwenye kamba maji yakipwa, kazi iliyoshika mizizi Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, angemuuliza mwandishi: mbichi au ulioanikwa? Kisha angeenda zake, kwani wengi wa wakulima hao ni Waislamu na kinywaji chenyewe hawakigusi. Wenye pua ya kulisahihisha neno hilo hawana haja nalo. Kwa upande wetu, mnywaji wa Morogoro aliyekariri keki ya Krismasi na maua ya milima ya Uskoti kutoka vitabuni anaigiza tu. Aandike sukari guru, udi, samaki wa kubanikwa. Umbo litambeba.

Hata namna za kunywa zinasomeka kwa mistari hii. Anayekunywa kavu anapata maelezo yote, ingawa pua huzibwa kidogo na alkoholi. Matone ya maji yanaukuza mstari wa harufu: watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Uswidi, walionyesha mwaka 2017, kwa hesabu za kompyuta, kwamba guayakoli, molekuli inayochangia harufu ya moshi, hupanda juu ya kimiminika wiski inapochanganywa na maji. Wachanganyaji wa Uskoti wanajua hilo kwa mazoea. Hunusa sampuli zilizoshushwa hadi karibu asilimia 20. Barafu hufanya kinyume, inanyamazisha harufu. Wajapani, kwa soda nyingi na barafu tele, wanautoa mhanga mwili na kuifupisha tamati ili wapate kinywaji cha kushushia chakula, na ni biashara ya haki. Koka inayomiminwa katika baa za Nairobi na Dar es Salaam inafunika kuanzia harufu hadi tamati. Sioni kosa, ila mwenye kuimimina hivyo asitoe pesa ya chupa ya miaka 18.

Inabaki alama. Baada ya mistari mitano inayokwenda kwa subira, namba moja inaruka mbele na kutoa hukumu ileile ya haraka tuliyoikimbia, na wasomaji wengi huanzia hapo. Nikipewa kalamu ya mhariri, alama naifuta, rangi naipeleka mwisho, na iliyobaki naiacha ilivyo.