Maji ya Moto na Nyumba ya Matumbawe

Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba, na methali hiyo imewatuliza wengi waliotishwa kwa maneno matupu. Lakini ipo nyumba ambayo maji ya moto huichoma, nayo ni mwamba wa matumbawe. Joto la bahari likizidi kilele cha kawaida cha msimu kwa nyuzijoto 1 tu, likadumu kwa majuma kadhaa, matumbawe huvitoa vijimea viishivyo ndani yake, vinavyoyapa rangi na chakula. Hapo huwa meupe. Joto lisipopungua, hufa. Ndivyo ilivyokuwa magharibi mwa Bahari ya Hindi mwaka 1998, kisha 2016, na tena 2024.

Je, ushairi wa Kiswahili una lugha gani ya kuyasema haya? Bahari imejaa tele ndani yake: chombo na nahodha, tanga na mrama, kusi na kaskazi. Hata hivyo, aghalabu bahari hiyo husimama badala ya kitu kingine, iwe ndoa, utawala au dunia yenyewe. Mwamba hutajwa kwa kuwa huvunja vyombo, au kwa kuwa hautikisiki. Hata Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyeijua bahari kwa jasho la uvuvi, shairi lake lililoipa jina diwani ya Kimbunga (1994) husomwa na wengi kama fumbo. Hilo si kasoro, maana fumbo ni uhai wa sanaa hii. Ila fumbo hukopa nguvu zake kwa kitu halisi, na leo kinachovunjika ni mwamba wenyewe.

Tungo za mazingira za siku hizi zimekwenda upande wa pili. Matumbawe yanatajwa waziwazi, lakini yanatajwa ili msomaji aonywe. Vina vimetimia, mizani haikupungua, na kasa anaingia ubetini kwa kuwa ameoana na “sasa” na “mkasa”, lakini haonekani. Mvuvi hasemi kasa tu. Anamjua ng'amba, anamjua duvi, anamjua noa. Ng'amba hula sifongo ziotazo mwambani, na gamba la kasa lilitajwa miongoni mwa bidhaa za pwani hii katika Periplus, kitabu cha mabaharia cha karne ya 1. Yai la kasa nalo halina jinsia hata mchanga uamue: kwenye nyuzijoto 29 hivi majike na madume hukaribiana, na joto likipanda majike huzidi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kasa wachanga watokao fuo za kaskazini mwa Great Barrier Reef, Australia, walikuwa majike kwa zaidi ya asilimia 99. Ufuo uzaao majike watupu ni taswira isiyohitaji mahubiri.

Wala maombolezo yasitangulie msiba. Oktoba 2025 kasa wa kijani aliondolewa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa sababu fuo zililindwa kwa miongo mingi. Ng'amba bado yumo, katika daraja la hatari kubwa kabisa. Mshairi asiyetofautisha wawili hawa atamlilia aliyepona.

Kielelezo kipo karibu. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliuonya moyo wake kwa kuuonyesha majumba ya Pate: taa zilizozimika, popo waliohamia, ndege waliozalia kwenye zidaka zilizopangwa vyombo vya China. Onyo lake linaaminika kwa kuwa kila kitu kimeonekana kwanza. Na kuta za majumba ya aina ile zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, zikapakwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Nyumba iliyoliliwa ilitoka baharini, na bahari ilikotoka haijapata utenzi wa kimo hicho.

Atakayeutunga hana budi kuiacha faraja moja ya kale, kwamba maji yakijaa hupwa. Bamvua hufuata mwezi na kusi hufuata majira. Joto hili linafuata moshi wa viwanda na magari, wala halina siku ya kupwa. Mshairi aliyelelewa kwa mizani ya kujaa na kupwa atalazimika kutafuta mwendo mwingine wa ubeti.