Jina Lililopita Mtihani wa Sikio

Mnamo Julai 1994, zama ambazo usajili wa majina yanayoishia kwa .com ulikuwa haujaanza kutozwa ada, Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, aliyekwisha acha kazi yake New York na kuhamia Seattle kwa azma ya kuuza vitabu kwa njia ya kompyuta, aliiandikisha kampuni yake kwa jina la Cadabra, alilolitoa katika maneno ya wafanya mazingaombwe. Karatasini jina hilo lilikuwa fupi na la kupendeza. Walakini wakili wake, alipotajiwa kwa simu, alisikia “cadaver”, yaani maiti. Katika kisa chote hiki sioni tukio lenye mafunzo zaidi ya hilo, kwani wakili yule alifanya lile ambalo wateja wengi wangalilifanya: alilipokea jina kwa sikio kabla hajaliona kwa jicho.

Basi utafutaji ukaanza upya. Bezos na MacKenzie, aliyekuwa mkewe, walipima Awake, Browse, Bookmall na Aard, kisha wakavutiwa na Relentless, yaani asiyelegea, ijapokuwa rafiki zao waliwatanabahisha kwamba lina dalili ya shari. Hata hivyo Bezos alilisajili Septemba mwaka huohuo, na akalihifadhi, likawa mlango wa pembeni wa kuingilia Amazon. Bookmall ndilo ambalo mwenye haraka angalilichagua, maana laitangaza bidhaa waziwazi, lakini lingalimfunga katika vitabu, ilhali kufikia 1998 duka lilikuwa limeanza kuuza muziki. Aard nalo lilikuwa na hesabu moja tu, ya kutangulia katika orodha za tovuti, ambazo aghalabu zilipangwa kwa alfabeti. Hesabu sahihi, ila ni neno la Kiholanzi, na asiyeijua lugha hiyo angalitaabika kuliandika.

Bezos alipoipekua sehemu ya herufi A katika kamusi, akaukuta mto Amazon, unaobeba maji mengi kuliko mto wowote duniani. Hapo faida zote zilikutana: jina latangulia katika orodha, watu wamelisoma tangu shuleni na wanajua kuliandika, na halitaji bidhaa yoyote. Kikoa, yaani anwani ya tovuti, kikasajiliwa tarehe 1 Novemba 1994, na duka likafunguliwa Julai 1995.

Mtihani huo wa sikio watuhusu sana sisi tunaobuni majina ya Kiswahili. Ni kweli kwamba lugha yetu huandikwa kama itamkwavyo, lakini kikoa hakikubali nafasi baina ya maneno, hata maneno mawili hulazimika kushikana. Chukua habari na imara: yakiunganishwa huwa habariimara, na msikilizaji wa redio aliyelisikia mara moja ataandika i moja tu, asifike, au afike kwa mwingine. Fauka ya hayo, wako wengi wasiopambanua r na l katika matamshi, na wengine dh na z. Jina lenye sauti hizo sharti lipimwe kwa hadhari kubwa zaidi. Kistari nacho nakikataa kabisa, madhali kila anayelitaja jina kwa mdomo atalazimika kukieleza. Kipimo ninachokiamini ni kuwapigia simu jamaa wa rika na miji mbalimbali, kuwatajia jina bila kulifafanua herufi kwa herufi, kisha kuwaomba wakuandikie walichosikia. Wakikosea wawili au watatu kwa namna moja, liache jina hilo, hata kama nembo imekwisha chorwa.

Lililobaki ni kiishio. Mwenye biashara yake Tanzania na achukue .co.tz, na wa Kenya .co.ke, wala asiisahau .com ikiwa ingali wazi, akizisajili zote kwa jina lake mwenyewe, si la fundi aliyemtengenezea tovuti. Afanye hivyo mapema: Facebook, iliyoanza 2004 kwa anwani ya thefacebook.com, ililipa dola 200,000 mwaka 2005 ili kuipata facebook.com, yaani kuondoa herufi 3 za mwanzo.