Melk Inavyomzungusha Mgeni

Meli inayoteremka mto Danube kutoka Passau kwenda Vienna haikufichi kitu inapofika Melk. Abasia inajitokeza juu ya mwamba, upande wa kulia, rangi ya manjano na nyeupe, na uso wake umeelekea magharibi, huko huko unakotoka. Tazama alivyoipanga Jakob Prandtauer, aliyeanza kuijenga upya mwaka 1702. Kanisa na minara yake miwili amelirudisha nyuma. Kumbi mbili, moja kila upande, amezisogeza mbele hadi ukingoni, kisha akaziunga kwa baraza iliyopinda yenye tao kubwa katikati. Baraza hiyo ingeinuka zaidi ingeuziba uso wa kanisa, naye ameiacha chini. Kwa hiyo aliye sitahani anaona mikono miwili iliyonyooshwa na kifua kilicho wazi.

Ungedhani utaingia kwa mbele. Huingii. Njia ya mgeni inazunguka hadi mashariki, nyuma kabisa, na huko unapita lango, ua, ngazi, halafu ushoroba wa mita 196. Katika ushairi tungesema umesikia kibwagizo kwanza, sasa unapitishwa ubeti kwa ubeti kabla hakijarudi. Wapo wanaolalamika kwamba ziara ni ndefu na kanisa limewekwa mwisho. Mimi naona hapo ndipo ufundi ulipo. Jengo hili limekuonyesha linachotaka kukupa, na sasa linakufundisha kukitazama.

Somo lenyewe limo katika Ukumbi wa Marumaru. Marumaru halisi iko kwenye fremu za milango. Kuta ni plasta iliyong'arishwa. Dari ni karibu bapa, lakini mwaka 1731 Paul Troger alilichora, akisaidiwa na Gaetano Fanti, bingwa wa majengo ya kubuni kwa rangi, na likaonekana limepaa. Ukisimama katikati, nguzo za rangi zinasimama wima na mbingu inafunguka juu yake. Ukisogea ukutani, nguzo zile zile zinapinda na kulala kama zitakazokuangukia. Nilikwenda na kurudi mara tatu, shingo ikiniuma. Wanaosema baroki, mtindo wa jengo hili, ni ulaghai hawajatembea vya kutosha chini ya dari kama hili. Mchoro haumfichi mtu siri yake: hatua nne tu zinakuonyesha jinsi ulivyotengenezwa, na hatua nne nyingine zinakurudishia mbingu. Mchoraji ameiacha kazi nusu, nusu nyingine ameikabidhi miguu yako.

Kisha mlango unafunguliwa na uko nje, juu ya ile baraza. Danube iko mbele yako ndani ya tao, na kanisa liko mgongoni. Sasa umesimama mahali ulipokuwa ukipatazama kutoka majini. Bado hujaingia kanisani; kuna maktaba kwanza, ambamo baadhi ya migongo ya vitabu ni mbao tupu zilizochongwa ili safu isikatike penye madirisha.

Ndani ya kanisa hakuna ukuta uliotulia. Ukingo mzito ulio juu ya nguzo unavimba na kunywea, roshani zinatuna kama tanga, dhahabu inashika mwanga na kuuachia, na juu kabisa michoro ya Johann Michael Rottmayr inalibeba jicho zaidi. Kila kitu kinakusukuma mbele, mpaka altareni.

Na pale altareni mwendo unakoma. Petro na Paulo, wenye kanisa lao, wanaagana kabla ya kwenda kuuawa. Wameshikana mikono. Juu yao linaning'inia taji kubwa la dhahabu, kubwa kuliko kichwa chochote cha binadamu, na halimgusi hata mmoja wao. Katika jengo zima lililojaa mawimbi, mikono ile miwili ndiyo pekee niliyoiona imetulia.