Wavu wa mistari: ni sanaa ao mchezo wa rula?

Watu wengi wakionyeshwa picha za Agnes Martin husema mara moja: «Hata mtoto mwenye rula angeweza kuchora hivi.» Tusiwacheke. Neno lao linastahili jibu.

Agnes Martin alizaliwa Kanada mwaka 1912, akafanya kazi yake Marekani, akafa mwaka 2004. Picha yake «The Tree», yaani Mti, ya mwaka 1964, ni kitambaa chenye pande nne sawasawa, karibu meta 1,83 kila upande. Juu ya rangi hafifu alipiga, kwa kalamu ya risasi, mistari ya kulala na ya kusimama, yenye kukingamana kama wavu. Hamna shina, hamna jani, hamna habari inayosimuliwa.

Wengine humhesabu kati ya wasanii wa minimalizimu, yaani wale waliopunguza mambo yote mpaka kubaki umbo tupu. Mwenyewe alikataa jina hilo, nami naona alikuwa na haki. Tumlinganishe na Sol LeWitt. Tangu mwaka 1968 huyu alitoa maagizo ya kuchora ukutani, na watu wengine wakayatimiza: kwake wazo ndilo kazi, mkono ni mtumishi tu. Kwa Martin mkono wenyewe unasema. Rula inanyosha mstari, lakini nyuzi za kitambaa zinaukwaruza. Risasi inakolea hapa, inafifia pale. Tena kitambaa ni mraba, lakini vyumba vya wavu si miraba kamili, na hivyo ukali wa ule mraba mkubwa unalegea. Mtoto mwenye rula hangefikiri hilo.

Lakini nina lawama moja. Martin alieleza kwamba wavu ulimjia alipokuwa akifikiri jinsi miti isivyo na hatia. Asiyeambiwa hayo hawezi kuyasoma katika picha. Basi tuihukumu kwa kilicho juu ya kitambaa: uangalifu wa mkono wenye kushika kanuni bila kuchoka. Tena tujihadhari na vitabu: picha ikipunguzwa, mistari hupotea, hubaki ukungu tu.

Mwaka 1967 Martin aliacha kuchora. Aliporudi katika miaka ya 1970, alishika tena rula na kalamu ya risasi, akaendelea nazo mpaka uzee. Mchezo haudumu hivyo.