Ufundi wa Kuhesabu kwa Thelathini na Tano

Kuhesabu kwa kuruka ni kutaja vigawe vya namba moja kwa mfululizo, na kigawe ni jawabu lipatikanalo namba hiyo inapozidishwa kwa 1, kwa 2, kwa 3 na kuendelea. Wanafunzi huanza na mbili, tano na kumi, ambazo ulimi huzizoea upesi hata akili ikapumzika. Lakini hatua inapokuwa kubwa ulimi peke yake hautoshi, na mwenye kuhesabu hulazimika kuutafuta mpangilio uliomo ndani ya namba yenyewe. Hapo ndipo kuhesabu kunapoacha kuwa kukariri na kuwa ufundi, kwa kuwa mpangilio unaomwongoza mbele ndio huohuo unaomsahihisha anapoteleza.

Hatua ya 35 inafaa kuchunguzwa, kwani ilikaa muda mrefu katika biashara ya pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya frasila, kipimo cha uzito kilichotumika kupimia karafuu, pembe za ndovu na sandarusi, ambacho kwa kawaida kilihesabiwa kuwa ratili 35, yaani karibu kilo 16. Ratili ikichukuliwa kuwa sawa na pauni ya Kiingereza, frasila 64 hutimiza tani ya Kiingereza ya pauni 2,240, bila kupungua wala kuzidi. Kwa kuwa 64 hupatikana kwa kuanza na 1 na kuirudufu mara sita, safari yote hiyo hukatwa kwa hatua chache: 35, 70, 140, 280, 560, 1,120, 2,240. Rudufu ya kwanza, 70, inakaribiana na mzigo mzito wa mpagazi mmoja wa misafara ya bara katika karne ya 19, na kwa hiyo anayezifahamu namba hizi huona mara moja kwamba tani moja ya bidhaa ni mizigo 32 ya namna hiyo.

Anayehesabu hatua kwa hatua naye ana njia yake. Kwa kuwa 35 ni 5 mara 7, kila hatua mbili huleta 70, na hivyo vigawe vya nafasi shufwa, yaani ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea, ni jedwali la saba lililoongezwa sifuri: 70, 140, 210, 280. Vile vya nafasi witiri huangukia katikati ya jozi hizo na kuishia na tano. Tarakimu mbili za mwisho zina mzunguko mpana zaidi: 35, 70, 05, 40, 75, 10, 45, 80, 15, 50, na kuendelea hadi hatua ya 20, zinapofika 00. Katika mzunguko huo kila kigawe cha namba 5 kilicho chini ya mia hupitiwa mara moja tu, kwa sababu 7 na 20 hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1, kigawo kikiwa ni namba inayogawa nyingine bila baki. Ishirini hiyo ndiyo korija, fungu ambalo wafanyabiashara wa pwani walihesabia nguo na boriti. Na mwenye kugawa frasila 64 kuwa korija tatu na nne za ziada hupata 2,100 na 140, na jumla yake ni ileile 2,240.

Mpangilio wa tatu hauonekani mpaka tarakimu za kila kigawe zijumlishwe, na jumla ijumlishwe tena hadi ibaki tarakimu moja. Vigawe vya 35 hutoa 8, 7, 6, 5, 4, 3, 2, 1, 9, kisha 8 tena, kwa sababu 35 ni 36 kasoro moja, nayo 36 hugawanyika kwa tisa, kiasi kwamba kila hatua huiacha baki ya tisa ikiwa imepungua kwa moja. Wanahisabati wa ulimwengu wa Kiislamu wa enzi za kati waliitumia kanuni hii ya kutupa tisa kuhakiki mahesabu yao.

Hakuna mpangilio hata mmoja kati ya hii unaojitosheleza. Mtu akiandika 351 badala ya 315, kutupa tisa hakumwoni, kwa maana tarakimu ni zilezile, lakini moja iliyokaa mwishoni humshtaki papo hapo. Akiandika 530 badala ya 350, sifuri ya mwisho na jumla ya tarakimu humpitisha, ila mzunguko wa ishirini humkumbusha kwamba hatua ya kumi huishia na 50, na kwamba 30 haifiki kabla ya hatua ya kumi na nane. Hivyo aliye fundi wa kuhesabu kwa namba kubwa anaweza kukosea kama mwingine yeyote, lakini kosa lake halifiki mbali, kwa kuwa likiponyoka mlango mmoja hunaswa katika mwingine.